Deni la siri halilipiki

Wahenga walipolonga kuwa kukopa harusi, kulipa matanga, walikusudia kumwonya mja dhidi ya raha ya mkopo ambayo hatima yake ni simanzi. Methali hiyo tumeisikia tangu utotoni, tumeiandika katika insha za shule, na wenye maduka wameibandika ukutani ili wateja waisome kabla hawajafungua kinywa. Hata hivyo, limo jambo moja katika methali hiyo ambalo aghalabu hatulitilii maanani. Harusi huwa na waalikwa, na matanga huwa na waombolezaji. Kwa fikira za waliotutangulia, mwanzo wa deni na mwisho wake vyote vilikuwa na watu. Aliyekopa alionekana akikopa, na aliyelipa alionekana akilipa.

Siku hizi hali imegeuka. Mtu hukopa akiwa amelala chali kitandani saa sita za usiku, mkewe yuko ubavuni pake, naye mke hajui lolote. Mwanga mdogo wa rununu humulika uso wa mkopaji, fedha huingia, na giza hurejea. Baada ya siku 30 mtu yuyo huyo huamka usiku mwingine akakopa kwingine ili alipe kule alikokopa kwanza. Hapana mwalikwa, hapana mwombolezaji. Haya ndiyo madeni yanayotafuna nyumba nyingi za wafanyakazi wa Kenya hivi leo, na katika makala haya ninashikilia hoja moja tu: deni la siri halilipiki. Anayetaka kujinasua hana budi kwanza kulitafutia deni lake shahidi.

Tukitupa jicho nyuma tutaona kuwa ukopaji katika jamii zetu haukuwa jambo la faragha. Muuza duka wa kijijini alikuwa na daftari lake lililochakaa pembe, na kila aliyechukua sukari au sabuni kwa mkopo aliandikwa mbele ya wateja wengine. Wafugaji walipokopeshana mifugo, wazee waliitwa wakashuhudia. Kwa ndugu zetu Waislamu, aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ambayo ni aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara, inahusu deni. Nayo inaagiza kuwa deni la muda maalumu liandikwe na mashahidi waitwe. Hayo yote hayakuwekwa ili kumfedhehesha maskini. Yaliwekwa kwa sababu binadamu akiachwa peke yake na deni lake, husahau kiasi, husahau siku, na hatimaye hujidanganya mwenyewe.

Vyama vyetu vya akiba na mikopo, yaani Sacco, vilirithi busara hiyo. Anayetaka mkopo huko hujaza fomu, na fomu hiyo hutiwa sahihi na wadhamini ambao ni wafanyakazi wenzake. Kwa kawaida mwanachama hukopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake, na katika vyama vingi riba ni asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Wapo wanaonung'unika kuwa utaratibu huo ni mrefu na kwamba ni adha kumbembeleza mwenzako akudhamini. Mimi naona kuwa adha hiyo ndiyo faida yake. Mtu anapolazimika kumweleza mwenzake ana kwa ana kwamba anataka shilingi 80,000 ili anunue televisheni kubwa, huenda aibu ikamfanya afikirie upya kabla ya kutamka.

Kisha ikaja simu. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa mwezi Machi 2007 kwa ajili ya kutumiana fedha. Mwezi Novemba 2012 ikafuatia M-Shwari, iliyomwezesha mteja kukopa papo hapo bila karatasi wala mdhamini. Mwezi Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomkamilishia mteja malipo hata kama salio lake halitoshi. Jina lenyewe ni la Kiswahili sanifu, kwani kufuliza ni kutenda jambo mfululizo bila kukoma. Kando ya huduma hizo zikamea programu nyingi za kukopesha, nyingine zikiwa na makao yake ng'ambo. Katika muda usiozidi miaka kumi, Mkenya aliyekuwa akingoja kikao cha kamati ya mikopo akapata uwezo wa kukopa kabla maji ya chai hayajachemka.

Sisemi kuwa huduma hizo ni haramu. Mzazi ambaye mwanawe amepandwa na homa usiku wa manane anajua thamani ya shilingi 2,000 zinazopatikana kwa dakika moja. Ninalosema ni kwamba tuangalie hesabu bila upendeleo. M-Shwari ilipoanzishwa ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Anayekopa shilingi 1,000 kwa ada hiyo hurejesha 1,075, na shilingi 75 si fedha za kumtoa mtu machozi. Lakini akilipa na kukopa tena kila mwezi kwa mwaka mzima, atakuwa ametoa shilingi 900 za ada, na ile 1,000 bado anadaiwa. Katika Sacco inayotoza asilimia 1 juu ya salio linalopungua, shilingi 1,000 zikilipwa kwa miezi 12 huzaa riba ya takriban shilingi 65, na mwisho wa mwaka deni limekwisha. Mkopo mdogo unaopatikana upesi ndio ulio ghali kupita yote, ila ughali wake umekatwakatwa vipande vidogo visivyouma. Chovya chovya humaliza buyu la asali.

Isitoshe, mkopo wa simu humpita mlinzi aliyewekwa na sheria. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinakataza jumla ya makato kuzidi thuluthi mbili za mshahara. Maana yake ni kuwa mfanyakazi, hata awe amekopa kupita kiasi, ni sharti abakiwe na thuluthi moja ya kumlisha yeye na watoto. Karani wa mishahara anapoona kwamba thuluthi hiyo imefikiwa, huukataa mkopo mpya. Mikopo ya simu haipiti kwa karani. Haionekani katika hati ya mshahara. Mtu huenda na ile thuluthi moja iliyolindwa na sheria, akaikopea tena mara tano gizani, hata ikawa tarehe 25 mshahara unapoingia, tarehe 28 haupo.

Kinaya ni kwamba wakopeshaji wenyewe walitambua nguvu ya shahidi kabla yetu sisi wakopaji. Msomaji atakumbuka jinsi baadhi ya programu zilivyokuwa zikipekua orodha ya nambari zilizohifadhiwa katika simu ya mteja, kisha zikawapigia wakwe, wakubwa wa kazini na hata wachungaji kuwaarifu kuwa fulani hataki kulipa. Ilibidi Bunge lirekebishe Sheria ya Benki Kuu mwezi Desemba 2021, na kanuni zikatolewa mwezi Machi 2022 zikiwataka wakopeshaji hao wawe na leseni na kuwapiga marufuku kuwatisha wateja au kuwaaibisha mbele ya jamaa zao. Hatua hiyo ilifaa. Lakini funzo lake lisitupite: deni ulilolificha halikosi siku ya kutoka nje. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lililo mikononi mwa mkopaji ni kuamua iwapo shahidi atamwita yeye mwenyewe leo, au ataletewa na mdai kesho.

Kwa nini basi tunaficha? Jibu langu ni kwamba tunaficha deni kwa sababu tulilichukua ili kuficha jambo jingine, yaani kipato chetu. Tazama matumizi yanayotangulia mikopo mingi. Mtu analipa kodi ya nyumba iliyomzidi kwa kuwa wenzake wa kazini wamehamia mtaa huo. Anaahidi mchango wa harusi mbele ya kikundi cha watu 200 kwa kuwa aliyemtangulia kuahidi alitaja shilingi 5,000. Mwezi wa Desemba anasafiri kwao akiwa amebeba zawadi za ukoo mzima, na mwezi unaofuata anaingia katika msimu ambao Wakenya wameubatiza Njaanuari, karo ikimngoja mlangoni. Mtu hujikuna ajipatapo, ndivyo tulivyofundishwa. Sasa tunataka kujikuna mgongo kwa mikono ya kuazima.

Wakopeshaji wa riba kubwa mitaani tumewapa jina la shailoki, nalo limetoholewa kutoka kwa Shylock, mkopeshaji katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri na ikachapishwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Jina la mkopeshaji tumelishika barabara, lakini hakuna anayemkumbuka aliyesababisha mkopo wenyewe. Huyo ni Bassanio, kijana wa tabaka la juu aliyefuja mali yake kwa kuishi maisha yaliyopita uwezo wake. Katika onyesho la kwanza kabisa anamwendea sahibu yake Antonio na kumkiri madeni yake yote. Hadi hapo alitenda vyema. Kosa lake ni kuwa dawa aliyoipendekeza ilikuwa mkopo mwingine wa dukati 3,000 kwa miezi mitatu, ili aende akaposa kwa fahari. Antonio akamdhamini, nusura akatwe ratili ya nyama kifuani. Kumkiria rafiki deni lako bila kuufunga mlango wa deni jipya ni kumtwika rafiki mzigo wako.

Najua wapo watakaonijibu kwamba tatizo si ubadhirifu bali ni uhaba wa mapato. Hoja hiyo nzito siwezi kuipuuza. Hati za mshahara zimenywea. Mwaka 2023 ilianza tozo ya nyumba za bei nafuu, ambayo ni asilimia 1.5 ya mshahara, na mwezi Oktoba 2024 yakaanza makato ya asilimia 2.75 kwa ajili ya Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii. Bei za unga, mafuta ya kupikia na nauli hazikumngoja mtu yeyote. Yupo mkata anayekopa kwa sababu mtoto hana dawa, na kumhubiria huyo habari za kubana matumizi ni kumtia chumvi kidondani. Lakini msomaji atakubaliana nami kwamba mtu wa kipato kidogo ndiye ambaye hawezi kabisa kumudu ada ya asilimia 90 kwa mwaka. Uhaba wa fedha si sababu ya kutoihesabu fedha iliyopo. Mwenye gunia la mahindi huenda asishughulike na punje zilizodondoka, lakini mwenye kibaba huzihesabu.

Ninaye rafiki ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi magharibi mwa nchi, na ameniruhusu nisimulie habari zake bila kumtaja jina. Miaka michache iliyopita alinijia akitaka nimkopeshe shilingi 5,000. Nilimuuliza swali moja: "Mwalimu, unadaiwa jumla ya fedha ngapi?" Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Ndugu yangu, haziwezi kupita elfu arobaini." Nikamuuliza iwapo mkewe anajua. Akatikisa kichwa. Nilimwambia kwamba shilingi 5,000 zangu zingemsitiri kwa juma moja tu, na kwamba iwapo yuko tayari kumwita mkewe tukae watatu, ningempa Jumamosi yangu nzima. Ilimchukua wiki mbili kukubali.

Tuliketi mezani tukiwa na karatasi na simu yake. Tukafungua ujumbe mmoja baada ya mwingine. Mikopo ya simu ilikuwa mitano, ya shilingi 3,500, 4,500, 6,000, 8,000 na 12,000, jumla 34,000. Shailoki mmoja alimdai 20,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, na alikuwa ameishika kadi yake ya benki. Chama cha majirani kilimdai 15,000, mwalimu mwenzake 10,000, na mwenye duka 7,300. Jumla ikawa shilingi 86,300, mbali na mkopo wa Sacco uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara. Mtu aliyehitimu chuo, anayewafundisha watoto kujumlisha, alikuwa amekosea deni lake kwa zaidi ya nusu. Hakuwa mwongo. Hakuwahi kuyaandika madeni yake mahali pamoja.

Shemeji yangu aliitazama karatasi ile kwa kitambo. Nilitazamia makaripio. Badala yake alipumua na kusema, "Shemeji, mwaka mzima nimekuwa nikimwona huyu akiamka usiku kubofya simu na kuigeuza ninapojipindua. Nilijua kuna mwanamke. Kumbe mke mwenzangu ni deni." Tulicheka sote, lakini machozi yalikuwa yakimlengalenga. Sikuwahi kufikiri kuwa deni la shilingi 86,300 lingeweza kuvunja nyumba kabla ya mdai yeyote kubisha hodi. Siri ilikuwa imekwisha kuifanya kazi hiyo.

Baada ya hapo kazi ikawa ya hesabu tu. Tuligundua kuwa kila mwezi alikuwa akitoa shilingi 4,000 za riba kwa shailoki na takriban 2,900 za ada za simu. Yaani shilingi 6,900 zilitoka mfukoni mwake kila mwezi bila deni kupungua hata kwa senti moja. Kisha tukapekua matumizi ya siku 30 yaliyohifadhiwa katika taarifa ya simu. Chai na vitafunio vya hotelini vilimgharimu 4,200, michango ya vikundi 3,600, na data pamoja na muda wa maongezi 1,500. Jumla yake ni 9,300. Yeye aliapa kuwa hana anasa yoyote, na kweli hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Fedha zake zilikuwa zikivuja kwa tundu ndogo ndogo.

Wenyewe wawili, wala si mimi, waliamua kuyashusha matumizi hayo hadi 2,800. Hapo zikaokolewa 6,500. Shemeji ambaye ni mshonaji akaahidi 3,000 kutoka kwa cherehani yake, kwa sharti kwamba yeye ndiye atakayeitunza karatasi. Zikiunganishwa na zile 6,900 zilizokuwa zikiteketea kwa riba na ada, wakapata shilingi 16,400 kila mwezi za kupigana na deni. Programu zote za mikopo zilifutwa kwenye simu mchana huo huo. Mwalimu alikwenda kwa mwenye duka, kwa mwenzake na kwa chama, akawaeleza ukweli na kuwaomba muda. Wote watatu walikubali. Mwenye duka alitaka 1,000 kila mwezi, na hao wengine wawili wakasema watangoja. Nao wakopeshaji wa simu, wawili walikubali kulipwa kidogo kidogo na watatu wakakataa.

Shailoki alilipwa kwanza kwa kuwa riba yake ndiyo iliyokuwa kubwa kupita zote. Ikafuata mikopo ya simu, kisha mwenye duka, mwenzake, na mwisho chama. Kwa hesabu ya karatasi, deni lingekwisha kwa miezi saba. Katika maisha halisi lilichukua miezi kumi na mmoja, kwani mtoto aliugua, wale watatu waliokataa wakaongeza ada, na Januari ikaja na karo yake. Kulikuwa na mwezi mmoja ambapo walilipa shilingi 2,000 tu. Lakini hawakukopa tena, na kila tarehe 26 karatasi iliwekwa mezani, mwenye kupewa akatiwa alama, na salio likaandikwa upya. Alipoirejesha kadi yake ya benki kutoka kwa shailoki, mwalimu aliniambia kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu alisimama kwenye foleni ya benki bila kuinamisha kichwa.

Katika kisa hicho naona mafunzo ambayo yanaweza kumfaa mtu yeyote. La kwanza ni kuandika madeni yote mahali pamoja, pasipo kuacha hata la shilingi 200 za mama mboga. Anayedhani kuwa amesahau baadhi na aombe taarifa yake kwa mashirika yanayohifadhi kumbukumbu za wakopaji, yaani CRB, yaliyoanza kupewa leseni na Benki Kuu mwaka 2010. Kila mkopaji ana haki ya kupata nakala moja ya taarifa hiyo bila malipo kila mwaka, na wengi hatuitumii haki hiyo kwa kuogopa tutakachokiona.

La pili ni kumwonyesha mtu mmoja karatasi hiyo. Kwa aliye na mke au mume, huyo ndiye wa kwanza. Asiye naye na amtafute ndugu au rafiki mwenye siri, asiye na tabia ya kusimanga, na ambaye hatamwomba fedha. Shahidi anayeombwa mkopo si shahidi tena, amegeuka mdai.

La tatu ni kuufunga mlango. Hakuna awezaye kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja akaumaliza ufa. Tundu huzibwa kwanza. Futa programu, punguza au ufunge kabisa uwezo wa kukopa kwa simu, na ukubali kwamba mwezi wa kwanza utakuwa mchungu.

La nne ni kupanga zamu ya kulipa. Anzia kwenye riba kubwa, si kwa mdai mwenye kelele nyingi. Wadai wasiotoza riba waendee mapema uwaeleze, kwa sababu mdai aliyeambiwa ukweli hungoja, na aliyekwepwa hukasirika. Ikiwa mkopo ni wa benki na umekwisha kukushinda, ujue kuwa tangu mwaka 2007 Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki hakiruhusu riba inayolimbikizwa baada ya mkopo kukwama izidi kiasi kilichokuwa kimesalia ulipokwama. Wako waliolipa mara tatu kwa kutojua hilo.

La tano ni kujenga akiba, hata iwe ya shilingi 500 kwa mwezi, pindi deni la riba kubwa linapokwisha. Anayemaliza kulipa bila kuwa na chochote cha kumshika mkono siku ya ugonjwa atarejea kwa shailoki kabla ya mwaka kuisha. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini haifai kumwachia mwenye deni peke yake kazi yote. Sisi jamaa na marafiki tuna dhambi yetu. Tunamcheka anayepanda matatu ilhali mwenzake ana gari, hata kama gari lenyewe ni la mkopo. Tunazisoma kwa sauti orodha za michango na kuwataja waliotoa kidogo. Vikundi vyetu vya harusi na mazishi vingeweza kabisa kupokea michango bila kutangaza kiasi cha kila mtu, na hakuna maiti ambaye angekosa kuzikwa. Waajiri nao wangetenda wema kwa kuwafundisha vijana walioajiriwa karibuni jinsi ya kuisoma hati ya mshahara na gharama halisi ya mkopo kabla ya mshahara wa kwanza, badala ya kungoja barua za wadai ziwasili ofisini. Na mtu akitujia na karatasi yake ya madeni, tujizuie kumhukumu. Aibu ikimrudisha gizani, tumemsukuma sisi.

Dawa ya deni ni kulipa, ndivyo wasemavyo, na sina methali ya kuipinga hiyo. Ila dawa hunywewa na aliyekubali kuwa ni mgonjwa, na kipimo chake hakijulikani mpaka ugonjwa uchunguzwe. Ewe msomaji unayeamka usiku kuibofya simu ukiwa umeupa ukuta uso, mwezi huu mshahara ukiingia usianze kwa kumlipa yeyote. Anza kwa kununua daftari la shilingi 50. Andika majina yote na kiasi cha kila mmoja, jumlisha, kisha umwite unayelala naye chini ya paa moja na umwonyeshe.